Brashi ya Kaka, Mashua ya Wifi

Kaka yangu ana ugonjwa wa mistari iliyonyooka. Simsemi vibaya, maana ndiye kaka pekee niliyepewa na sijui wa kumrudishia. Lakini ukitembea naye barabarani utachoka. Atasimama mbele ya kinyozi, ainamishe kichwa, afumbe jicho moja, kisha agune. Ukimuuliza kuna nini, atakwambia ile N imelewa. Kwenye harusi watu wote wanamwangalia bibi harusi, yeye anaangalia majina yaliyobandikwa ukutani nyuma yake. Siku moja aliomba ngazi kwa mwenye duka la dawa, mtu ambaye hata hawajuani, akapanda akarekebisha herufi moja bure, akashuka, akaenda zake. Mwenye duka alibaki anajiuliza kama ameibiwa.

Kazi yake ni kuandika. Siyo vitabu, maana hata barua hapendi. Anaandika mabango, kuta za maduka, milango ya malori, mbao za shule. Watu wanamwita Rula, na yeye analipenda jina hilo ingawa anajifanya hajali. Chumba chake cha kazi kimepakana na changu cha cherehani, na ukuta uliopo katikati ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya ananiombea afya. Kwa hiyo mengi ninayosimulia hapa niliyaona mwenyewe au niliyasikia kupitia ukuta huo. Yale ambayo sikuyasikia nilimkalia kooni mpaka akayasema.

Wifi yangu, mke wake, alikuwa mtu wa mto. Alikuwa na mashua ya mbao aliyoachiwa na baba yake, pana kwenye tumbo, yenye makasia mawili mazito ambayo mimi nikiyainua hupata maumivu ya mgongo ya wiki nzima. Alivusha watu kutoka upande wetu kwenda sokoni ng'ambo na kuwarudisha. Sasa, hiyo mashua ikijaa, kwa macho yako wewe imejaa. Kwake yeye haikuwahi kujaa mpaka maji yafike kwenye alama aliyoichora mwenyewe ubavuni. Atasimama na kasia mkononi, aangalie mama mwenye kikapu aliyebaki ukingoni, kisha awageukie waliokaa. "Sogea kidogo," atasema, "mwenzio naye ana safari." Watu watanung'unika, watajikunja, na nafasi itapatikana. Nimewahi kumwona mkuu wa shule anasogea mpaka akawa amekalia mfuko wa vitunguu. Ndiyo maana kivuko kizima kilimwita Mama Sogea.

Hata kaka alikutana naye hivyohivyo. Alikuwa anaandika kwenye ukuta wa banda la abiria, ngazi yake ameitega katikati ya njia kama vile njia ni ya baba yake. Akaja msichana na makasia begani, akamwambia sogea kidogo, unaniziba. Kaka akasogea, kopo la rangi likamdondokea kiatuni. Jioni akaja nyumbani kulalamika kuhusu mwanamke asiye na adabu. Alilalamika kabla ya kula, wakati wa kula na baada ya kula, na mama yetu akanikonyeza. Wiki iliyofuata kaka akagundua kwamba ukuta ule unahitaji mkono wa pili wa rangi. Halafu wa tatu. Ule ukuta ulipakwa rangi mpaka ukanenepa, na mwisho wake wakaoana.

Mimi na wifi tulijaribu kugombana, maana watu walitarajia. Tulianza vizuri tu, kwa sababu ya sufuria, lakini ugomvi haukutushika. Kabla jua halijazama tulikuwa tumekaa kizingitini tunamsengenya kaka. Damu zetu zilipatana, basi. Nilimpenda, na sioni haya kusema kwamba kuna siku nilimpenda kuliko nilivyompenda huyo kaka mwenyewe.

Kitu kimoja tu alikitaka kwa mumewe. Alitaka amwandikie mashua yake. Maneno yenyewe alikuwa nayo: SOGEA KIDOGO. Kaka mwanzoni alicheka, akasema hayo siyo maneno ya kuandika kwenye chombo, chombo kinapewa jina zito. Wifi akasema chombo ni chake. Basi kaka akakubali, akasema ataandika, tatizo wateja. Kulikuwa na mwenye bucha anafungua Jumamosi. Kulikuwa na shule inamngojea mgeni rasmi. Kulikuwa na lori linalosafiri kesho. "Subiri, mke wangu," alimwambia, "kuna mtu mbele yako." Na wifi alikuwa anakuja kusimama mlangoni pa chumba cha kazi, mikono kiunoni, anauliza leo yuko wa ngapi kwenye foleni. Wanacheka wote wawili. Nasisitiza hapo, kwamba alikuwa anacheka, hakuwa mtu wa kununa. Baadaye kicheko hicho ndicho kilichomtesa kaka, kwa sababu wifi angekuwa amenuna, labda yeye kaka angeamka akaandika.

Miaka ikaenda. Binti yao akakua, akajifunza kupiga kasia kabla hajajua kusuka nywele. Kisha wifi akaanza kuchoka, na uchovu ule ukawa na jina, na jina lenyewe likatupeleka hospitali. Kaka alikuwa anakaa kwenye benchi la nje anailaani rangi ya mlangoni. Eti aliyeandika WODI YA WANAWAKE hakupima nafasi, herufi za mwisho zimebanana. Alinieleza hivyo kila siku, na mimi nilimwacha aseme, maana nilijua siyo herufi anazozisema. Siku moja kati ya zile za mwisho, tuliporuhusiwa kuingia pamoja, wifi alijikokota mwenyewe kitandani mpaka upande wa ukutani ili kaka apate pa kukaa. Maisha yake yote alisogeza watu, na siku ile ndiyo niliyomwona akisogea yeye.

Baada ya mazishi kaka aliweka brashi chini. Hakutangaza, aliziacha tu. Asubuhi alifungua chumba cha kazi, akakaa kwenye kiti, jioni akafunga. Mteja akija, alimwambia njoo wiki ijayo, na wiki ijayo alimwambia hivyohivyo. Na siku hizi mteja hana shida, kuna watu wana mashine za kuchapa mabango ya plastiki, unaagiza asubuhi unabeba mchana. Wateja wakaanza kupita moja kwa moja bila hata kusalimia. Fundi wa kuandika asiyeandika ni mtu aliyekaa tu kwenye kiti, na kaka yangu alikuwa ameanza kufanana na kile kiti. Niliogopa. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu, kwa sababu nilijua akishasahaulika mjini hatakuwa na sababu ya kufungua ule mlango asubuhi.

Siku moja niliingia chumbani kwake kubadilisha mashuka. Kitanda kile ni kikubwa, walikitengenezesha wenyewe. Upande wa ukutani shuka lilikuwa limenyooka vilevile nilivyolitandika mara ya mwisho. Nikamuuliza kwa nini analala pembeni kama mgeni.

"Mpaka leo nalala ukingoni," akasema. "Alikuwa ananiambia nisogee. Nikijinyoosha katikati naona kama nimemkalia mahali pake."

Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, nilikunja mashuka nikatoka.

Mashua nayo ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba, imepinduliwa juu ya magogo, kuku wanataga chini yake. Ilikuwa imekauka mpaka ukichungulia kati ya mbao unaona upande wa pili. Binti, ambaye mama yake alipougua aliacha kazi ya kinu cha ng'ambo ili amuuguze, akatangaza mezani kwamba ataitengeneza mashua na kuirudisha mtoni, na ataipiga kasia mwenyewe. Hakuomba ruhusa. Kaka aliangalia sahani yake. Nilidhani atakataa, akasema tu kwamba chumvi imezidi.

Akaitwa Msasa. Huyo ni fundi wa mashua kule kivukoni, na jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake, siyo kwa sababu ya kazi. Sijawahi kumsikia akisifu kitu. Alizunguka mashua akiigongagonga kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio, akatema pembeni. Akasema mbao mbili zimeoza, zilizobaki ziko hai, na kwamba tuwatafutie kuku nyumba nyingine. Kwa Msasa hayo ni maneno matamu.

Kazi ikaanza, na kaka akaanza kusogea. Kwanza alitazama kutoka dirishani. Kisha akatoka na kiti chake, akakiweka mlangoni. Siku Msasa alipokuwa anapinda ubao mpya na hana wa kumshikia, kaka aliinuka akashika upande wa pili bila kuambiwa. Alijua mambo ya mbao kama mimi ninavyojua mambo ya ndege, lakini alishika. Kesho yake nikamkuta anapiga msasa ubavuni, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Na mchana ule, nikiwa kwenye cherehani, nikasikia sauti yake kupitia ukuta, anamwambia binti, "Hii nitaiandika mimi." Nilishona mkono wa shati ndani ya mfuko wa suruali, shati la mtu na suruali ya mtu mwingine. Sikujali. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: akiiandika hii, amerudi. Akishindwa, hataandika tena.

Sasa, kaka yangu hana jambo dogo. Asubuhi nilikuta ukuta wa chumba cha kazi umejaa chaki kutoka kona hadi kona. KWA KUMBUKUMBU YA MKE MPENDWA, MAMA BORA, NAHODHA HODARI, TAA YA NYUMBA, na bado alikuwa anaendelea. Kulikuwa na maua. Kulikuwa na njiwa wawili, mmoja amenona. Nikamwambia kwamba ile ni mashua, siyo treni, na kwamba maneno yote hayo yakienea, basi njiwa itabidi waogelee. Akanikasirikia, akaniambia nirudi kwenye vifungo vyangu. Nilirudi kweli, nikimpa vidonge vyake njia nzima.

Aliyemaliza ni binti. Aliingia, akasoma ukuta wote polepole, mpaka njiwa. "Baba," akasema, "mama aliomba maneno mawili."

Kaka alisimama pale na chaki mkononi. Kisha akafuta ukuta wote kwa mkono wa shati lake, na mimi ndiye niliyelifua.

Hapo ndipo alipogongana na Msasa. Msasa alikuwa amekwisha kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na lakiri laini ya kuzibia, kazi ambayo wenyewe wanaiita kalafati, na tulidhani mashua imekamilika. Akasema bado. Chombo kilichokauka hivyo lazima kwanza kizamishwe kwenye maji ya kina kifupi, kijae, kilale humo mbao zinywe zivimbe, ndipo viungo vifunge. Kikitoka, kiachwe kikauke nje, halafu ndipo rangi, halafu ndipo maandishi. Mtu yeyote wa mtoni anajua. Kaka hakutaka kusikia. Alisema itaingia majini ikiwa imeandikwa, haitagusa tone kabla. Msasa akarudia maelezo yaleyale, safari hii taratibu, kama unavyomweleza mtu anayetaka kupanda basi lisiloenda kwake.

"Fundi, huyu mtu nimemsubirisha maisha yake yote," kaka akamwambia. "Hasubiri tena hata siku moja."

Msasa akaanza kukusanya vifaa vyake. Akasema mashua ni yenu. Nilishangaa kumwona akinywea, na nilitakiwa nishtuke, lakini nilikuwa na furaha ya kuona brashi zinatolewa.

Nataka niseme alivyoandika, maana watu wa mashine hawatakuja kuona kitu kama hicho. Ubavu ulikuwa umepakwa rangi ya kijani iliyokolea. Kaka alivuta uzi wenye chaki kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaubana, akaunyanyua kwa vidole viwili akauachia, ukaacha mstari mweupe mwembamba. Alipima nafasi za herufi kwa kiganja. Halafu akaanza na herufi ya mwisho, kwa sababu ndivyo anavyofanya siku zote, aliyeanza mwanzoni ndiye anayebananisha mwisho. Ana fimbo yenye kitambaa kichwani, anaiegemeza ubaoni na kulaza mkono juu yake ili usitetereke. Akivuta mstari mrefu hapumui kwa pua wala kwa kinywa. Nilikuwa nimekaa na shati la mtu mapajani, na nikagundua na mimi nimeacha kupumua. Herufi zilikuwa nyeupe, kubwa, zenye kivuli chekundu upande mmoja, zimesimama ubavuni kwa raha zao. Alipomaliza alirudi nyuma akafumba jicho moja. Kisha akaniuliza kama zimenyooka. Tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza. Nikamwambia zimenyooka, na nikalia, na akaniambia nisilie karibu na rangi mbichi.

Wakaipeleka mtoni, wakaizamisha pale penye kina kifupi. Maji yaliingia kwenye viungo kama kwenye chujio. Ikakaa humo siku kadhaa, na kaka alikuwa anashuka kila asubuhi kuangalia kama imekunywa. Siku ya kuitoa tulienda wote. Watu wa kivukoni wakasaidia kumwaga maji na kuivuta juu, na ilipogeuka ubavu, ndipo tukaona. Mbao zilikuwa zimevimba kama Msasa alivyosema. Viungo vimefunga, na lakiri iliyokuwa ndani imesukumwa nje kwenye mstari mrefu kupita katikati ya maneno yote mawili. Rangi imepasuka juu yake. Kila herufi imekatika kiunoni. Ile G ilikuwa imekuwa vipande viwili visivyojuana.

Kaka hakupiga kelele, hakumlaumu mtu. Aliweka kidole kwenye ufa, akaufuata mpaka mwisho, akageuka akapanda kilima peke yake. Nilipofika nyumbani alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu na kopo la brashi zake zote, zile za nywele laini ambazo hakuwahi kumruhusu mtu kuzigusa.

"Safishia cherehani," akasema.

Angelia ningejua la kufanya. Nilipokea kopo, akaingia kwake, akafunga mlango, na kupitia ukuta sikusikia chochote.

Mimi hasira zangu huwa hazikai. Kesho yake nilishuka mtoni kumtafuta Msasa. Na nikamkuta anafanya nini? Anazikwangua herufi. Amekaa kwenye kigoda, mnyoo wa rangi nyeupe unaanguka miguuni kwake, anapiga mluzi. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo na mengine niliyoyatunga papohapo. Nilimwambia alijua, akamwacha mtu mwenye msiba ajiumize, na kwamba kaka yangu amemaliza kazi yake duniani kwa sababu yake. Msasa alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaeleza kitu kwa maneno machache, bila hata kuacha kukwangua, na nikajikuta nimekaa chini kwenye mchanga. Nikamwambia hayo sitayabeba mimi. Atayapeleka mwenyewe.

Akaja jioni ileile, ana vumbi la rangi mpaka masikioni. Kaka alikuwa kwenye kiti chake. Msasa hakupoteza muda na pole.

"Njoo uandike," akasema. "Nimeshakwangua."

Kaka akamwambia aende kwa watu wa mashine. Akasema kuta alizoandika kabla binti hajazaliwa bado zinasomeka. Kuta za watu baki, bucha, maduka ya viatu. Na kitu kimoja alichotaka kidumu, kimoja tu, hakikumaliza hata wiki.

"Mashua siyo ukuta, Rula. Kila mwaka inapandishwa, inakwanguliwa, inapakwa upya. Ulidhani utaandika mara moja uende zako?"

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Mkeo alikuwa anaipaka mwenyewe, mimi nampa brashi. Wewe ulikuwa juu ya ngazi ya mtu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na kila mwaka alikuwa na ubao mmoja pale mbele, ule mpana. Anaupiga msasa kuliko mwingine wote, mpaka unateleza. Namwambia mama, unajichosha bure, unaingia majini huo. Ananiambia huo niuache, una mwenyewe."

Kaka alikuwa anajua kwamba mashua hupakwa, kama unavyojua mambo ya jirani. Hili la ubao hakulijua, wala mimi sikulijua, wala binti. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuthubutu kuingiza neno, na hiyo peke yake ni habari.

"Kila mwaka," kaka akasema tena, safari hii hakuwa anauliza. Kisha akanigeukia, macho mekundu, na sauti yake ile ya zamani ya kutafuta makosa. "Brashi zangu umezifanyia nini?"

Nikamwambia ziko kwenye mafuta, zilikuwa kwenye mafuta tangu jana, ananionaje mimi. Nikamwambia pia kwamba nampenda na kwamba ni mjinga, yote mawili kwa pumzi moja. Akasema najua, bila kueleza anajua lipi.

Mashua iliachwa ikauke, Msasa akaipaka kijani upya, ndipo asubuhi moja kaka akaandika, palepale ufukweni, watu wakipita na mizigo yao. Safari hii aliutafuta kwanza ule ubao kwa kiganja, macho amefumba, na aliupata. Kweli ulikuwa laini kuliko mingine, hata chini ya rangi mpya unausikia. Na ulikuwa na upana wa kutosha herufi ndogo tu, zinazokaa ndani ya ubao mmoja bila kuvuka kiungo. Mwanamke yule alikuwa amempimia. Kaka alilalamika kwamba herufi zitakuwa ndogo mno, hazitasomeka kutoka ng'ambo. Binti akamwambia mama hakuwa anaongea na watu wa ng'ambo, alikuwa anaongea na wanaopanda.

Mashua ikaingia majini na binti akashika makasia. Kaka alipanda safari ya kwanza, akakaa mbele, na walipofika sokoni aliandika bango la mwuza ndoo kabla hajarudi. Wateja wamerejea, siyo wote, lakini wanamtosha. Bado analala ukingoni, sitawadanganya.

Mwaka huu mashua ilipandishwa tena, na kaka alikuwa ametayarisha rangi tangu wiki iliyotangulia. Anakwangua mwenyewe siku hizi, Msasa haruhusiwi kugusa ule ubao. Asubuhi ya kuandika, akiwa anatoka na kopo lake, akasimamishwa mlangoni na bwana mmoja mwenye duka jipya la simu, gari linaunguruma nyuma yake. Nilikuwa nasikiliza kupitia ukuta, kama kawaida. Bwana alitaka bango leo, anafungua kesho, atalipa mara mbili. Kaka akamwambia arudi keshokutwa. Bwana akabadilisha sauti, akasema ameambiwa Rula hana shughuli nyingi siku hizi.

"Ninayo," kaka akasema. "Kuna mtu mbele yako."

Akafunga mlango, akashuka mtoni.